Bondi imebakiza miezi 15, fundi anaacha kazi: kisa cha Mafinga na hesabu yake

Kiwanda cha plaiwudi kilichoko nje kidogo ya mji wa Mafinga, mkoani Iringa, Tanzania, kimenunua kutoka China mashine ya kukaushia vinia, yale matabaka membamba ya mbao yanayogandishwa kuwa plaiwudi. Fundi umeme wake anapelekwa kwa mtengenezaji kwa wiki kumi akajifunze kuifunga, kuipangia programu na kuitengeneza ikigoma. Siku mbili kabla ya safari, tarehe 14 Machi 2023, anaitwa ofisi ya utumishi na kuwekewa mezani mkataba wa kurasa tatu. Tiketi imeshakatwa, viza imeshatoka. Anasaini. Mjomba wake, mkulima mdogo wa chai upande wa Kibao, anasaini kama mdhamini. Hakuna hata mmoja wao anayeondoka na nakala.

Mkataba huo, ambao kiwandani wanauita bondi tu, unasema kwamba fundi akirudi atatumikia miezi 36. Akiondoka kabla ya hapo atarejesha "gharama zote za mafunzo, Sh 18,000,000", na juu yake "fidia ya usumbufu" Sh 10,000,000. Mwajiri ameruhusiwa kukata kiasi chochote anachodai kutoka kwenye malipo ya mwisho ya fundi. Bondi haisemi kama deni linapungua kadiri miezi inavyotumikiwa.

Miezi inaanza kuhesabiwa tarehe 1 Juni 2023. Januari 2025 kiwanda kingine, cha Mbeya, kinampa ofa ya Sh 2,100,000 kwa mwezi. Mafinga analipwa 1,200,000. Tarehe 31 Januari anapeleka barua ya kuacha kazi, anafanya kazi mpaka Ijumaa ya tarehe 28 Februari. Jioni hiyo anaambiwa kwamba mshahara wa Februari umezuiwa, fedha ya likizo imezuiwa, cheti cha utumishi hatapewa, na alipe Sh 28,000,000 ndani ya siku 14, la sivyo polisi.

Kisa ni cha mfano. Hakimhusu mtu wala kiwanda fulani, na tarakimu zimewekwa ili hesabu ifuatike. Namba za vifungu hapa chini ni zile zilizozoeleka. Toleo jipya la sheria linaweza kuwa limezisogeza, kwa hiyo anayeandika madai aangalie toleo lililoko mezani kwake.

Ukiisoma barua ya mwajiri utaona ameunganisha mambo matatu ambayo kila moja lina sheria yake: fundi kuondoka, stahiki zake za kazi aliyokwisha kuifanya, na deni la mafunzo. Mfanyakazi anayekubali yaunganishwe ameshapoteza nusu ya kesi kabla haijaanza, maana atajikuta anaomba mshahara wake kama hisani.

Kuondoka

Swali la kwanza si bondi inasema nini, ni mkataba wa ajira ni wa aina gani. Kama ni wa muda maalumu, tuseme miaka miwili, Kanuni za Utendaji Bora (Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007), kanuni ya 6, hazimpi mfanyakazi uhuru wa kuuvunja kwa notisi tu. Anaweza kujiuzulu mwajiri akiwa amekiuka mkataba kwa kiwango kikubwa. Vinginevyo inabidi wakubaliane kuumaliza mapema. Wengi hawalijui hili, hasa wale wanaosainishwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Fundi wetu ana mkataba usio na ukomo, ule watu wanaouita wa kudumu. Mkataba huo unavunjwa kwa notisi. Mwajiri atajaribu kusema kwamba bondi ya miezi 36 iliugeuza kuwa wa muda maalumu. Hoja hiyo ni dhaifu hapa, kwa sababu bondi yenyewe imeweka bei ya kuondoka mapema. Hati inayosema "ukiondoka utalipa" imekiri kwamba kuondoka kunawezekana. Ingekuwa imeandikwa "hataruhusiwa kuacha kazi", mwajiri angekuwa na la kusema kidogo, lakini hapo naye angejiweka karibu na katazo la kazi ya kulazimishwa, ambalo lipo kwenye Katiba ibara ya 25 na kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28, kwa maandishi (kifungu cha 41). Mkataba unaweza kuweka ndefu zaidi, mradi iwe sawa kwa pande zote mbili. Mkataba unaomtaka mfanyakazi atoe miezi mitatu huku mwajiri akijiwekea mmoja hausimami kwa hiyo mitatu. Februari 2025 ilikuwa na siku 28 kamili, kwa hiyo hesabu ya fundi imekaa sawa. Mwajiri akimwambia "nenda likizo, ndiyo iwe notisi yako", jibu ni hapana: notisi haitolewi wakati wa likizo wala haiendi pamoja nayo.

Barua yenyewe iwe fupi. Mfano unaotosha:

"Naacha kazi. Notisi ya siku 28 inaanza tarehe 1 Februari 2025, na siku yangu ya mwisho kazini ni tarehe 28 Februari 2025. Kuhusu mkataba wa mafunzo wa tarehe 14 Machi 2023, naomba nakala yake, mchanganuo wa gharama na nakala za risiti, ili tuzungumzie kiasi kinachostahili. Barua hii si kukiri kiasi chochote."

Sentensi ya mwisho ina kazi. Watu wengi, kwa adabu au kwa woga, huandika "nipo tayari kulipa deni lote la kampuni", na karatasi hiyo ndiyo mwajiri anayoitanguliza kila mahali. Barua ipelekwe nakala mbili, moja irudi na muhuri wa mapokezi, tarehe na saini. Ujumbe wa WhatsApp kwa meneja haufai peke yake. Na maneno ya "andika tu kijana wangu, tutamalizana" ni mazuri kuyasikia, lakini siku ya kulipana aliyeyasema huwa amehamia tawi jingine.

Kinachoharibu kabisa ni kutoroka. Anayeacha kwenda kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa anajiweka kwenye kosa la nidhamu, na asipofanya kazi siku za notisi mwajiri ana haki ya kukata fedha ya siku hizo kwenye malipo yake ya mwisho. Fundi wetu hakutoroka, kwa hiyo kato hilo halimhusu.

Jambo dogo linalosahauliwa ni makabidhiano. Fundi akabidhi kwa orodha iliyosainiwa: kompyuta mpakato, waya wa kuunganishia mashine, funguo za paneli, nywila ya kompyuta ya mashine, na nakala ya akiba ya programu. Kuondoka na nywila kichwani ili wakupigie simu mashine ikisimama ni kumpa mwajiri dai jipya la hasara, na safari hii dai la kweli.

Deni

Vitisho vya polisi viwekwe pembeni. Kushindwa kutimiza bondi ni suala la madai. Jinai ingekuwepo kama kuna wizi au hati ya kughushi, na hapa hakuna.

Je, bondi ni halali? Kwa maoni yetu ni halali. Kuna wanaotaka kuipinga kwa hoja kwamba fundi alisainishwa haraka haraka, siku mbili kabla ya safari. Hoja hiyo haifiki mbali: ni mtu mzima, alisoma, akasafiri, akarudi, akafanya kazi miezi 21 bila kulalamika. Hoja ya ushuru wa stempu nayo ina maisha mafupi. Kweli, hati isiyolipiwa ushuru haipokelewi kama ushahidi, lakini mwajiri hulipa ushuru na adhabu yake, ikapokelewa. Nguvu zote ziende kwenye kiasi.

Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ndicho cha kushika. Kinasema kwamba mkataba ukiwa umetaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Maana yake, Sh 28,000,000 ni dari tu, na kinachodaiwa chini yake lazima kiwe cha haki. Sasa uuangalie mchanganuo ambao mwajiri, baada ya kubanwa, anautoa:

Nauli ya ndege 3,600,000. Viza na bima ya safari 500,000. Malazi na chakula 3,500,000. Ada ya mafunzo 6,000,000. Mshahara wa wiki kumi 3,000,000. Gharama za utawala 1,400,000. Jumla 18,000,000.

Vitatu vya kwanza vina risiti. Ada ndiyo yenye tatizo. Katika ununuzi wa mitambo ni kawaida muuzaji kuingiza mafunzo ya mafundi kwenye bei ya mashine, na ankara ya mashine hii imeandika hivyo: mafunzo ya fundi mmoja, bila malipo. Mwajiri hakutoa hata senti kwa ajili ya ada. Amechukua bei ambayo chuo kingetoza, akaiandika. Fundi anayejua kazi yake aombe ankara ya mashine, si risiti ya mafunzo peke yake. Hapa Sh 6,000,000 zinaondoka.

Mshahara wa wiki kumi una ubishi wa haki. Kuna bondi zinazotaja wazi kwamba mshahara wa kipindi cha masomo ni sehemu ya gharama, na kwa mtu aliyekwenda kusoma shahada miaka miwili bila kugusa kazi, hoja hiyo ina uzito. Bondi hii imesema "gharama za mafunzo" tu. Tena katika zile wiki kumi fundi alikuwa akiifanyia majaribio mashine ya mwajiri mwenyewe kabla haijapakiwa melini. Hiyo ni kazi, na kazi hulipwa mshahara. Tunaiondoa. Gharama za utawala ni namba ya kukadiria isiyo na karatasi nyuma yake, nayo inaondoka.

Zinabaki Sh 7,600,000. Fundi ametumikia miezi 21 kati ya 36, imebaki 15. Mwajiri ameshavuna miezi 21 ya ujuzi alioulipia: mashine haikuhitaji kuitiwa fundi kutoka nje. Kumdai gharama yote kana kwamba fundi aliondoka siku aliyoshuka uwanja wa ndege hakuwezi kuitwa fidia ya haki, hata kama bondi imenyamaza kuhusu kupungua kwa deni. Kwa hiyo 7,600,000 mara 15 gawanya kwa 36: Sh 3,166,667. Mshahara ukikubaliwa kuingia, ni 10,600,000 kwa uwiano uleule: Sh 4,416,667. Mazungumzo ya kweli yako kati ya namba hizi mbili.

Ile "fidia ya usumbufu" ya Sh 10,000,000 haina maelezo. Mwajiri akileta ushahidi kwamba alikodi fundi wa muda kwa kiasi fulani, au uzalishaji ulisimama kwa sababu ya pengo hilo, kuna cha kujadili. Bila hivyo ni adhabu iliyovishwa jina la fidia. Na mwajiri aliyepewa siku 28 za notisi na makabidhiano kamili atapata taabu kuonyesha usumbufu wa thamani hiyo.

Hesabu hii ilipaswa kufanywa Januari, kabla ya barua. Kwenye 1,200,000, baada ya NSSF asilimia 10 na kodi ya mshahara, fundi anapeleka nyumbani kama Sh 928,000. Kwenye 2,100,000 anapata kama Sh 1,495,000. Tofauti ni Sh 567,000 kwa mwezi kabla ya kodi ya nyumba Mbeya. Deni la 3,166,667 linarudi ndani ya miezi sita hivi; deni la 28,000,000 lingekula tofauti hiyo kwa zaidi ya miaka minne. Na kila mwezi mmoja zaidi anaokaa Mafinga unapunguza deni kwa Sh 211,111, namba nzuri ya kuwa nayo mkononi ukimwomba mwajiri mpya asogeze tarehe ya kuanza.

Mshahara uliozuiwa

Mshahara wa Februari ni 1,200,000. Likizo ya mwaka ulioishia 31 Januari 2025, siku 28 ambazo hakuzichukua, tuichukulie kwa makadirio kuwa mshahara mwingine wa mwezi. Jumla Sh 2,400,000 kabla ya makato ya kawaida. Kiinua mgongo cha kuachishwa hakimo, kwa sababu hicho hutokana na mwajiri kusitisha ajira, na hapa aliyeondoka ni mfanyakazi.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza kukata mshahara isipokuwa kwa sheria, makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, ama deni ambalo mfanyakazi amelikubali kwa maandishi. Mwajiri anasema bondi ndiyo hayo maandishi. Lakini kukubali "kiasi chochote mwajiri anachodai" si kukubali deni. Ni kumpa mtu karatasi tupu yenye saini. Na kama anadai kufidiwa hasara, kifungu hichohicho kinamtaka aeleze kwa maandishi chanzo na hesabu ya deni, ampe mfanyakazi nafasi ya kulipinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasivuke robo ya mshahara. Robo ya mshahara huu ni Sh 300,000. Yeye amezuia wote, tena kabla ya kutoa mchanganuo.

Cheti cha utumishi hakina mjadala. Kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma, hata kama wameachana kwa ugomvi. Vilevile vyeti halisi vya VETA au vya chuo, kama vimebaki kwenye faili la mwajiri, ni mali ya fundi.

Iringa, si Mbeya

Asipolipwa, fundi anajaza fomu CMA F.1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ameshahamia Mbeya na ofisi ya Tume ya huko iko karibu naye, lakini mgogoro ulizaliwa Mafinga, kwa hiyo unafunguliwa kwenye ofisi inayohudumia eneo hilo, Iringa mjini. Nakala mwajiri apewe, na uthibitisho wa kumpa uambatanishwe.

Muda ndio unaoua madai mengi. Migogoro ya kuachishwa kazi ina siku 30, mingine, kama huu wa mshahara, ina siku 60 tangu ulipotokea (Tangazo Na. 64 la 2007). Kutoka 28 Februari, siku ya 60 ni 29 Aprili. Ahadi za "njoo wiki ijayo" hazisimamishi saa hiyo. Aliyechelewa lazima aombe kuongezewa muda na aeleze kila siku ya kuchelewa. Mlango huo uko wazi pia kwa mwajiri: naye anaweza kupeleka dai la bondi Tume, na muda unambana vilevile. Watumishi wa umma wana njia yao. Hao humaliza kwanza ngazi za rufaa za Sheria ya Utumishi wa Umma.

Usuluhishi una siku 30, isipokuwa pande zikubaliane kuongeza. Yanayosemwa mbele ya msuluhishi hayatumiki baadaye kama ushahidi, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kutaja namba. Fundi aende na karatasi moja ya hesabu, nakala ya bondi, hati za malipo ya mshahara, barua yenye muhuri na fomu ya makabidhiano. Aseme: nilipeni 2,400,000 yangu na cheti, kwa upande wangu nitalipa 3,200,000 kwa awamu nane za 400,000. Kuweka malipo mawili yanayopishana badala ya kutoa moja kwenye jingine juu kwa juu kunasaidia kodi na NSSF ya mshahara kukatwa inavyotakiwa, na kila namba ibaki na karatasi yake.

Mjomba asisahaulike kwenye maongezi haya. Mdhamini hubeba deni sawa na mdaiwa isipokuwa hati iseme vingine, na mwajiri anaweza kumwandikia yeye kwanza, akijua mzee atampigia simu mpwa wake usiku huohuo. Barua ikifika Kibao, mzee asiijibu kwa kuahidi, wala asiuze shamba. Amtumie mpwa, jibu moja liende kwa niaba ya wote wawili. Mkataba wa suluhu useme wazi kwamba dhamana yake inakoma siku awamu ya mwisho inapolipwa.

Kuhusu mwajiri mpya: viwanda vingi viko tayari kusaidia kulipa bondi ya fundi wanayemhitaji, mradi ombi lije kabla ya kusaini mkataba. Tatizo liko kwenye kodi. Mwajiri akikulipia deni lako binafsi, Sheria ya Kodi ya Mapato huichukulia fedha hiyo kama sehemu ya mapato ya ajira. Juu ya Sh 1,000,000 kwa mwezi kiwango ni asilimia 30, kwa hiyo msaada wa 3,200,000 unaweza kuzaa kodi ya Sh 960,000 kwenye mshahara wa mwezi huohuo. Wakubaliane mapema nani anaibeba. Vinginevyo achukue mkopo wa mfanyakazi unaokatwa taratibu, ingawa hapo aangalie asije akasainishwa bondi nyingine iliyojificha ndani ya fomu ya mkopo: "akiacha kazi kabla ya miaka mitatu, salio lote na riba vitalipwa papo hapo".

Suluhu ikipatikana, iandikwe mbele ya msuluhishi na kusainiwa, maana hapo inakuwa na nguvu ya kutekelezwa kama amri ya mahakama. Itaje kiasi, tarehe za awamu, kinachotokea awamu moja ikichelewa, na kwamba hakuna dai jingine litakalotokana na mkataba wa mafunzo wa tarehe 14 Machi 2023. Malipo yapite benki, kwenye akaunti ya kampuni na si kwenye simu ya ofisa utumishi, na maelezo ya kila muamala yasomeke "bondi, awamu ya 1 kati ya 8", kisha ya 2, mpaka ziishe.